Firimbi wa Msitu wa Juu

Machi 3

Mvua ya kwanza imeanza jana jioni na mpaka sasa haijakata. Paa la studio linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kiti cha wateja, kwa hiyo leo nimewapiga watu picha za pasipoti wakiwa wima. Mmoja akaniuliza kama huo ndio utaratibu mpya. Nikamwambia ndiyo, naye akakaza mabega kama askari.

Jioni Baba akatangaza safari. Nasema akatangaza kwa sababu hakuuliza. Alikuwa anapaka mkate siagi, akasema bila kuinua kichwa, "Mvua ikiisha tunapanda mlimani. Mimi na wewe. Mimi masikio, wewe kamera."

"Baba, nina kazi."

"Watu wasio na pasipoti wataenda wapi? Watakusubiri."

Halafu akasema safari ya maana huandikiwa shajara tangu siku ya kupangwa, na niandike hata yale ninayoyajua, maana hayo ndiyo husahaulika kwanza. Haya. Baba yangu alikuwa fundi wa sauti redioni hadi alipostaafu. Wenzake walimwita Sikio. Kila kiangazi hupanda kwenye msitu wa juu kuhesabu ndege kwa niaba ya chama cha wapenda ndege, na akisema ndege fulani yupo, yupo. Huko juu kuna mmoja anayeitwa Firimbi, mdogo kuliko ngumi, wa kijivu, ambaye hajawahi kuonekana penginepo. Anaimba akiwa amejificha kwenye majani, na jicho halimpati mpaka sikio lilielekeze. Mama alikuwa akipanda na Baba kila mwaka. Tangu Mama afariki, miaka mitatu sasa, Baba amepanda na wapagazi tu, na mara zote tatu amerudi na neno moja: hayupo.

"Alikwenda naye," huwa anasema. Hasemi zaidi ya hapo.

Machi 6

Katibu wa chama amekuja, viatu vimejaa matope, akaketi chini ya tundu la paa kabla sijamwonya. Kuna kampuni inayotaka kukata msitu wa juu na kupanda miti ya mbao. Sheria inaukinga msitu ule kwa sababu ya Firimbi peke yake. Kama Firimbi hayupo, kinga haipo. Ofisi ya misitu itaamua Agosti.

"Tunataka picha, Mzee," Katibu akasema. "Picha moja tu iliyotulia. Siku hizi ukiwapelekea sauti wanakwambia ni panya."

"Kama yupo nitamsikia," Baba akasema. "Nikimsikia, huyu binti atampiga."

"Na kama hayupo?"

"Basi tutakuwa tumemuaga."

Nilimpenda Baba kwa jibu lile. Naandika hivyo hivyo, maana hatuambiani.

Machi 7

Mvua.

Machi 16

Meza ya kulia si ya kulia tena. Kuna hema, kamba, mapanga mawili, taa, mifuko ya nailoni ya kufunika lenzi, na ramani ya msitu aliyoichora Baba kwa mkono, yenye vituo sita vya kusikiliza. Baba amenikabidhi somo: nijifunze mwanga wa kila kituo, jua linapotokea na linapojificha, ili ndege akitokea nisianze kuhangaika na kamera. Tunabishana kuhusu stendi ya kamera. Yeye anataka nibebe ile nzito. Mimi nasema nitakuwa na umri wake kabla sijaifikisha juu.

"Unameza maneno," akaniambia. "Sema wazi."

Siku hizi kwa Baba kila mtu anameza maneno. Shangazi tu ndiye asiyemeza, lakini Shangazi ana sauti ya kuita watu walioko ng'ambo ya mto.

Machi 22

Mvua imetuachia asubuhi, tukaenda bwawa la maji ya mji kufanya mazoezi. Baba akanyoosha kidole upande wa pili wa maji: "Tetere. Wawili." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nikaelekeza lenzi, kweli, tetere wawili. Nikacheka kwa fahari kama mtoto. Mtu wa umri ule!

Kisha tukakaa chini ya mti wenye maua, na vindege vidogo vya kijani vinavyonyonya maua vikawa vimeujaza, vinalia kwa vile visauti vyao vyembamba mpaka masikio yananiwasha. Baba alikaa na hedifoni zake na maikrofoni mkononi, uso umetulia.

"Leo kimya," akasema. "Mvua imewanyamazisha."

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka.

Machi 23

Chaja ya betri za kamera hulia ikijaza, mlio mkali kabisa. Leo imelia muda mrefu pembeni ya kiti cha Baba, naye anasoma gazeti. Nilisimama mlangoni nikimwangalia. Nikaenda kuichomoa mwenyewe.

Machi 31

Nimekuwa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Birika la filimbi: hasikii. Mlango wa chuma unaoburuzwa: anasikia. Simu yangu ikilia mlio wa juu: hasikii. Lori mtaa wa pili: anasikia kabla yangu na kunitajia tani zake. Anachosikia, anasikia vizuri kuliko mtu yeyote, ndiyo maana hakuna aliyeshuku, na yeye mwenyewe wa kwanza. Sauti ikiwa nyembamba kupita kiwango fulani dunia yake imekatwa, na asiyesikia kitu hajui kwamba kipo.

Nimejaribu kutoiwazia ile hatua inayofuata. Nimeiwazia.

Aprili 9

Leo niandike taratibu, nisiruke kitu.

Baba akirekodi msituni, sauti hubaki kwenye kadi kama ilivyonaswa. Akirudi nyumbani huihamishia kwenye kompyuta na "kuisafisha": anapunguza upepo, anakata ule mchakacho wa juu, halafu anapeleka chamani ile iliyosafishwa. Ni kazi aliyoifanya redioni maisha yake yote na anaifanya kwa upendo, kama mtu anayechambua mchele. Kadi zenyewe hazifutwi. Ziko kwenye soksi, droo ya chini.

Nilizichukua kwa ajili ya mwanga tu. Mwanzoni mwa kila rekodi Baba hutaja kituo na jua lilipo, na hilo ndilo somo nililopewa. Yeye alikuwa amekwenda kunyolewa. Nikavaa hedifoni, nikafungua kadi ya mwaka jana. Sauti yake ikaja: "Kituo cha tatu. Mti ulioinama. Jua kulia, bado chini." Kisha majani, matone, kikohozi chake.

Kisha Firimbi.

Namjua. Nilikua nikisikia sauti yake katika nyumba hii, ilikuwa kwenye kanda ambayo Mama aliicheza mpaka ikachakaa. Mlio mmoja mrefu, mwembamba, unaopanda mwishoni kama anauliza kitu. Akaimba. Akapumzika. Akaimba tena, karibu zaidi, karibu kabisa na maikrofoni. Na juu ya sauti yake, sauti ya baba yangu, ya chini, iliyochoka: "Nimengoja vya kutosha. Kimya. Hayupo."

Ndege hakunyamaza hata Baba alipokuwa akisema hayupo.

Nilifungua ile iliyosafishwa. Majani, matone, kikohozi. Ndege hakuna. Kwa Baba huko juu hakuna kitu ila uchafu wa mashine, kwa hiyo amekata. Amemfuta Firimbi akidhani anafuta uchafu. Nikafungua kadi ya mwaka juzi. Yupo. Ya mwaka ule wa kwanza baada ya msiba. Yupo, na safari hii wawili, wanajibizana, na Baba katikati yao analia. Sikujua kwamba alilia huko.

Basi nikaelewa na ya Mama pia. Baba husimulia kwamba huko juu alikuwa anamgusa bega na kusema "washa mashine," naye anawasha. Sikio lilikuwa la Mama. Sijui kama alijua anachokifanya au alidhani mumewe ni mzito tu wa kuwasha.

Baba alirudi amenyolewa vizuri, akaniuliza kama anaonekana kijana. Nikasema ndiyo.

Aprili 10

Sikufungua studio.

Aprili 12

Nimekwenda kwa Shangazi, dada yake Baba, nikamwaga yote. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza.

"Mwambie leo," akasema.

"Shangazi, itamuua."

"Kaka yangu? Huyo hafi kwa maneno, angekufa zamani na mdomo wangu huu. Mwambie."

Nikamweleza nilivyopanga. Tutapanda Julai kama ilivyokusudiwa. Nitamweka kituo cha tatu. Firimbi akiimba mimi nitainua kamera kana kwamba nimemwona kwa macho, nitampiga picha, nitasema Baba tazama, amerudi. Msitu utapona Agosti na Baba hatajua kitu. Picha ndiyo inayotakiwa, si masikio ya mtu.

"Na hizo kadi kwa nini usimpe Katibu?"

Kwa sababu Katibu ana mdomo usio na mlango. Kesho yake mji mzima utasema Sikio ni kiziwi, amehesabu ndege miaka mitatu bila kusikia, na yote aliyowahi kuandika yatatiliwa shaka. Nilisema hivyo na ni kweli.

"Unamwonea huruma au unaogopa sura yake?" Shangazi akauliza.

Nikasema ni huruma.

Aprili 20

Nilijaribu. Baada ya chakula nikasema, "Baba, umewahi kupimwa masikio?"

Akacheka. "Ukimpima fundi saa kwa saa yako, nani kakosea?" Halafu akasema, "Unajua, mwaka ule wa kwanza nilidhani nitamsikia mara moja tu. Kama salamu. Nilikaa pale mpaka mpagazi akaniogopa. Ndipo nikajua mama yako amekwenda na vyake vyote." Akainuka akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo huwa halifanyi.

Ningesema nini? Kwamba salamu ililetwa na hakuipokea?

Aprili 28

Mvua, mvua. Ukungu umeingia kwenye lenzi kubwa. Nimeikausha kwa taa.

Mei 7

Katibu amepiga simu. Ofisi ya misitu itaitisha kikao cha kusikiliza maoni, Baba atatoa ushahidi. "Ni desturi tu," akasema. "Uamuzi ni uleule, Agosti." Baba ameshatoa suti yake ya kustaafia ipigwe pasi.

Shangazi akaja jioni, akanivuta jikoni. "Sasa je?"

"Ni desturi tu, Shangazi."

"Nitamwambia mimi."

Nilimshika mikono nikamsihi. Nililia hasa, na nilijua kwamba kulia kwangu kutamfunga mdomo. Akasema, "Ni baba yako. Lakini usije ukasema sikukwambia."

Mei 14

Kikao. Ukumbi wenye viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na moja iliyokufa, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Mbele meza yenye kitambaa cha kijani, na bwana wa ofisi mwenye tai ya bluu. Watu wa kampuni wamekaa upande mmoja, wasafi, wana folda zinazofanana. Upande wetu chama: Katibu, wazee wachache, mimi kulia kwa Baba. Kijana kutoka redio alikuja na kinasa sauti. Alipomwona Baba alisimama akamwita Mwalimu, na Baba akamrekebishia maikrofoni ilivyokaa. Kila mtu akacheka kwa upendo. Nataka nikumbuke kile kicheko, maana ndicho kilichoniziba mdomo.

Kadi zilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilizibeba. Sijui kwa nini nilizibeba kama sikukusudia kuzitoa.

Bwana wa tai ya bluu akauliza swali lake mara mbili, maana mara ya kwanza Baba alimwomba asimeze maneno. "Mzee, una uhakika gani kwamba ndege huyu hayupo tena?"

Baba akasimama. "Nimesikiliza kwa kazi tangu ujana wangu. Nimekaa chini ya miti ile kiangazi baada ya kiangazi. Ningefurahi kuliko mtu yeyote humu ndani kuambiwa nimekosea." Akafunga kifungo cha koti. "Lakini hayupo. Nitapanda tena Julai kumtafuta, na naomba mngoje. Ila mkiniuliza leo, hayupo."

Bwana yule akaandika. Akaangalia ukumbi. "Kuna mwenye neno tofauti?"

Katibu akatazama feni. Kisha bwana akaniangalia mimi, kwa adabu tu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mbele. "Binti ndiye mpiga picha wa safari? Una la kuongeza?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba. Niliziona sura zote zile zikimwangalia Baba, suti yake iliyopigwa pasi, kijana wa redio amemshikia maikrofoni. Nikajiambia: Agosti.

"Sina la kuongeza," nikasema.

Tukirudi, Baba alisema nimekaa vizuri, nimeonyesha utu uzima.

Mei 15

Shangazi hapokei simu zangu.

Mei 30

Mvua inapungua. Nimefanya mazoezi ya kamera uani kwa kulenga jani moja kila asubuhi. Baba ananihesabia muda kwa saa. Naanza kuchukia jinsi anavyoniamini. Zamani nilimwona mtu mgumu, mwenye kiburi cha ufundi. Sasa namwona mzee anayevuka barabara bila kusikia kengele ya baiskeli, na mimi niko nyuma yake, nimenyamaza, naomba Mungu mwendesha baiskeli apite pembeni.

Juni 8

Jua siku nzima. Tumeanika hema. Baba aliimba akiwa bafuni.

Juni 19

Katibu amekuja bila kupiga simu, akasimama mlangoni mwa studio, hakukaa. Kibali kimetoka. Ofisi imeona haina haja ya kungoja Agosti, kwa kuwa kikaoni hakuna aliyepinga na "mtaalamu mwenyewe amethibitisha." Ndivyo ilivyoandikwa. Kampuni imeshapeleka misumeno ya injini. Inaanzia chini na kupanda.

Baba akamwomba arudie. Katibu akarudia kwa sauti kubwa. Baba akakaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo watu hukaa kupigwa picha, akabaki anatazama mbele.

"Nilisema wangoje," akasema.

"Walisema maneno yako yalitosha, Mzee."

"Lakini nilisema ukweli." Alituangalia mmoja mmoja kama anayetaka tumhakikishie. "Kama hayupo, hayupo. Sikuweza kudanganya ili miti ipone."

"Hukudanganya, Baba," nikasema. Hilo nililisema haraka.

Tumeamua kuondoka wiki ijayo badala ya Julai. Picha ikipatikana Katibu ataomba kibali kisimamishwe. Bado sijamwambia. Kila siku niliyonyamaza imefanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi, na sasa nikisema inabidi niseme na ya kikao.

Juni 25

Mlimani. Dereva tuliyemkodi alitufikisha mpaka barabara ilipokuwa ikiishia, ila sasa haiishii pale. Imechimbwa mpya, pana, udongo mwekundu mbichi, alama za magurudumu makubwa. Vituo vya tano na sita, vya chini kabisa, havipo. Baba alisimama kwenye visiki na ramani yake mkononi, akaigeuza huku na huku. Dereva, ambaye huongea toka asubuhi hadi jioni, akazima hata redio ya gari.

Tumepiga hema juu zaidi. Baridi inauma. Baba hajala.

Juni 26

Tulipanda kukiwa na ukungu, sisi wawili, dereva akabaki na gari. Kituo cha tatu bado kipo. Ule mti ulioinama upo, umejaa kuvu na maji yanadondoka. Hatua chache chini yake miti imepigwa rangi nyeupe, alama ya kukatwa. Nikafunga stendi. Jua kulia, bado chini, kama kadi ilivyosema. Baba akakaa kwenye mzizi, akavaa hedifoni, akashika maikrofoni, akafumba macho. Tukangoja. Nilikuwa nimepanga kila kitu: jicho kwanza, lenzi, kisha "Baba, tazama!"

Akaimba.

Juu kabisa ya kichwa cha Baba, mlio mrefu mwembamba unaopanda mwishoni. Nilikuwa nimeusikia kwenye kadi mara nyingi mpaka nikadhani nimeuzoea. Sikuuzoea. Nikageuka mzima mzima kabla sijafikiri.

Nilipotazama chini, Baba alikuwa amefumbua macho. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Umegeuka," akasema.

"Nimeona kitu kimepita."

"Hapana. Umegeuza sikio kwanza." Amekaa maisha yake yote nyuma ya kioo cha studio ya redio akitazama watu wanavyosikiliza. Nilisahau hilo katika mipango yangu. "Kuna kinacholia?"

Ningeweza bado kudanganya. Midomo yangu ilikuwa imefunguka tayari. Ndege akaimba tena, na machozi yakanitoka.

"Ndiyo, Baba."

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Juu yako, kwenye tawi la kushoto."

Aliongeza sauti ya mashine mpaka mwisho. Akabana hedifoni kwa mikono miwili, uso umejikunja. "Sasa?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Amepumzika. Sasa, ameanza tena."

Akavua hedifoni polepole, akaziweka kwenye majani. Hakulia. Akasema, "Piga picha," kwa sauti ya kazi, nami nikainua kamera, nikamtafuta, nikampata: wa kijivu, mdogo, koo limevimba kwa wimbo. Nilipiga nyingi. Alikuwa peke yake. Aliimba, akangoja, akaimba, na hakuna aliyemjibu.

Baba alisubiri nimalize.

"Mwaka jana alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Unajuaje?"

"Yuko kwenye kadi zako. Zote tatu. Uliposafisha ulimkata."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayeelezwa kosa la mashine na kuona linaingia akilini. Nilifikiri hilo ndilo lingemvunja, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tu. Nikamsogelea. Lakini alikuwa bado anafikiri, naona anapanga mambo yalivyofuatana.

"Ulisikiliza lini?"

"Baba..."

"Lini?"

"Aprili."

Ndege akaimba. Baba alikuwa akitazama mikono yake.

"Kikao kilikuwa Mei," akasema.

Nikafunika lenzi.

"Ulikaa kulia kwangu. Yule bwana alikuuliza."

"Sikutaka uaibike mbele ya watu, Baba. Nilidhani tuna mpaka Agosti. Nilidhani nikipata picha..."

"Mimi sikusikia," akasema. "Wewe ulisikia."

Hakunifokea. Ningeshukuru angenifokea. Kutoka chini injini ikawaka, kisha ya pili, ya tatu, na Baba akainua kichwa papo hapo kuelekea kule, kama siku ile ya tetere.

"Hiyo naisikia," akasema. Akaanza kukunja nyaya zake.

Firimbi aliacha kuimba misumeno ilipoanza. Tuliposhuka nilimwomba nimbebee mashine. Alikataa kwa kichwa.

Juni 28

Tumerudi. Njiani dereva ndiye aliyeongea.

Julai 2

Picha ni kali, unaweza kuhesabu manyoya. Katibu aliipeleka kwenye ofisi ya misitu pamoja na zile kadi. Baba mwenyewe ndiye aliyempa, na akamweleza kwa kinywa chake kwa nini. Ofisi imejibu kwamba kibali hakiwezi kusimamishwa kwa ndege mmoja, na kwamba rekodi za mtu aliyekiri kuwa hasikii zitahitaji kuchunguzwa upya zote, hata za zamani, hata zile ambazo msitu ulikingwa kwazo. Kampuni imeahidi kuuacha ule mti ulioinama. Katibu anauliza kama picha inaweza kutumika kwenye kalenda ya chama.

Mjini wanajua. Kijana wa redio alikuja kumsalimia Baba, akapaza sauti kama anaongea na mtoto. Baba alimjibu kwa upole.

Na mimi ananijibu, si zaidi. Chumvi iko wapi, ipo hapo. Mteja amefika, haya. Hajanitupia neno baya hata moja. Ramani ameikunja, meza ni ya kulia tena, tunakula kila mmoja akitazama sahani yake.

Julai 5

Leo Baba anakwenda kwa daktari wa masikio. Nilikuwa nimefunga studio na kuvaa, nimeshika na mwavuli ingawa mvua imekwisha. Akatoka chumbani na suti ile ya kikao. Nikamwambia niko tayari, twende. Alinitazama midomo ili aone nimesema nini, nikarudia polepole.

"Shangazi yako anakuja kunichukua," akasema.

"Niende nanyi basi. Daktari atasema mambo mengi, utahitaji mtu."

Alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Nje Shangazi alikuwa ameshafika, anaita kwa sauti yake ile, na Baba akaisikia.

"Ndiyo," akasema. "Nahitaji mtu atakayeniambia alichokisikia."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu.